Nisindikize Mpaka Darajani

"Kati ya sukari na maneno ya watu, mama yako anaogopa nini zaidi?"

Mwalimu aliniuliza swali hilo akiwa amesimama langoni kwetu na mkebe wake wa maziwa mkononi, asubuhi ya pili tangu nirudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Nilikuwa na shahada ya kemia, simu iliyojaa makala za lishe, na jibu la kila kitu. Nikasema, "Sukari, bila shaka." Akanitazama kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyenakili kwa jirani, tena akanakili vibaya.

"Nenda ukafikiri, msomi," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Nyar Lambwe! Mimi napita tu, naenda kuchukua maziwa kule mbele. Hebu nisindikize kidogo."

Nyar Lambwe ni mama yangu. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka, na mama alitoka bonde la Lambwe. Mwalimu naye aliolewa akitokea upande wa Ogwedhi, kule mpakani ambako watu wanaishi kwa ng'ombe. Dholuo chake, lugha yetu, kilikuwa cha ukweni, kizito na chenye kuchekesha, kwa hiyo na sisi alizungumza Kiswahili, naye mama akamjibu kwa Kiswahili cha sokoni. Alikuwa amefundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana karibu na Rodi Kopany hadi akastaafu. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata muuza nyama aliyemzidi umri.

Mwaka huo mama alikuwa na mambo mawili yanayovutana. Kliniki ya Homa Bay ilikuwa imemwambia kwamba sukari yake inapanda, magoti yanabeba mzigo usio wao, na asipopunguza uzito, mwaka unaofuata wangemwanzishia sindano. Sindano si mwisho wa dunia, nilimwambia hivyo mara nyingi, lakini mama alikuwa na hofu ya sindano isiyosikia kemia. Hilo ni moja.

La pili ni kwamba mama alikuwa mjane, na kwetu mjane akikonda watu hawaulizi anakula nini. Wanauliza amevunja nini. Kuna neno, chira, ugonjwa wa kukonda ambao husemwa humshika mtu aliyekiuka mwiko, na hakuna mwenye miiko mingi kama mjane. Shangazi yangu, dada ya baba, alikonda mpaka tukamzika, na matanga yote watu walinong'ona chira. Mimi niliona karatasi za hospitali. Ilikuwa saratani ya tumbo. Nilipowaonyesha watu zile karatasi walizitazama kwa heshima, wakanirudishia, wakaendelea kunong'ona. Mama aliyaona hayo yote. Kwa hiyo unene wake ulikuwa kama cheti cha mwenendo mwema, na sasa kliniki ilikuwa inamtaka akirudishe.

Mimi sikuliona hilo. Mwalimu aliliona, na ninadhani ndiyo sababu katika miaka yote niliyomjua sikumsikia hata mara moja akimwambia mama maneno "punguza uzito."

Alimwambia "nisindikize." Basi. Mgeni akifika langoni kwako na kuomba umsindikize, utasema nini? Kukataa ni utovu wa adabu, na mama angeweza kuwa mgonjwa, mchovu au mwenye hasira, lakini asiye na adabu hakuwahi kuwa. Wiki za kwanza walifika kwenye mikaratusi, mahali ambapo mtu mwenye afya anafikisha jiwe akilitupa kutoka nyumbani. Mama alirudi akihema, akaketi kwenye kiti cha jikoni na kusema, "Huyu mwanamke ana maneno mengi." Kesho yake alitoka tena. Baada ya mwezi walikuwa wanafika darajani. Mwalimu alisema, "Leo kuna jambo sijalimaliza, twende mpaka darajani nilimalize," na jambo lenyewe, nilipouliza, lilikuwa kuhusu mbegu za maboga. Baadaye tena wakafika kanisani. Hapo mama aligeuka kurudi, na Mwalimu aliendelea mbele na mkebe wake, akaingia kona na kupotea.

Watu walipomuuliza mama mbona wanamwona barabarani kila asubuhi, alikuwa na jibu safi. "Namsindikiza Mwalimu."

Kuhusu mwendo wake Mwalimu alikuwa na nadharia, na nadharia hiyo ilitokana na ng'ombe. Nilimcheka alipoieleza mara ya kwanza. Nilikuwa nimempa sababu ya kuieleza, na sijivunii.

Ilikuwa hivi. Sikuwa na subira na mikaratusi na daraja. Nilihesabu kalori za siku nzima za mama kwenye karatasi, nikabandika ukutani, naye akaifunikia kalenda ya kanisa. Nikasoma habari za kufunga, nikasoma habari za kuacha wanga kabisa, kila wiki na dini yake mpya. Mwishowe nikiwa Migori mjini nilinunua unga wa majani wa kupunguza tumbo kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti. Mimi, mwenye shahada ya kemia, sikumuuliza ndani kuna nini. Mama alikunywa kwa sababu nilileta mimi. Kwa juma moja alipungua kilo tatu, nami nikatembea kifua mbele. Siku ya nane alianguka akiwa kwenye foleni ya maji, kwa kuwa unga ule ulikuwa wa kumharisha tu, na alikuwa akimeza vidonge vya sukari juu yake.

Mwalimu alikuja mchana huo, akamkuta mama amelazwa kwenye kochi anakunywa uji kwa kijiko. Hakunigombeza. Aliketi, akavua viatu vyake vya raba, akaniuliza, "Umewahi kuona ng'ombe wakipelekwa mnadani Ogwedhi?"

"Hapana."

"Ng'ombe wa kuuzwa hakimbizwi. Ukimkimbiza anafika amekonda kwa siku moja, mbavu nje, na mnunuzi anamcheka. Lakini ukimpumzisha, ukamnywesha maji, jioni amejaa tena. Sasa niambie wewe wa kemia. Kile kilichotoka na kurudi kilikuwa nyama?"

"Mwalimu, mama si ng'ombe."

"Ndiyo. Ng'ombe ana mchungaji anayejua kazi."

Mama alicheka mpaka uji ukamwagika. Mimi nilikasirika siku mbili. Ya tatu nilikubali, kimoyomoyo tu, kwamba maelezo yale yalikuwa sahihi kabisa. Kilo zangu tatu zilikuwa maji.

Nilimpinga katika mengi, naye alipenda kupingwa. Nilipinga mboga kuwekwa kwanza kwenye sahani. Alisema mkono ukiwa na njaa hujaza sahani kwa kile kilicho karibu, kwa hiyo kilicho karibu kiwe mboga. Ugali uje mwisho, ukute nafasi iliyobaki, nayo ni kama ngumi ya mwenye sahani. Nilimwambia hakuna ulazima wa mpangilio, tumboni vyote vinachanganyika. "Tumboni, ndiyo," akasema. "Mimi nazungumzia sahani." Omena, wale dagaa wa ziwani, alitaka wachemshwe na nyanya na vitunguu, wasiogelee kwenye mafuta. Sukari ya chai ya mama aliipunguza kwa njia ya ajabu: alimwomba abadilishe kijiko. Kikubwa kikaenda kwenye chumvi, kidogo kikaja kwenye sukari. Mama aliendelea kusema kwa fahari kwamba yeye hutumia vijiko viwili kama zamani.

Hakuwa mtakatifu. Mtu akiniambia habari za watu walioshika njia bila kuteleza, mimi humkumbuka Mwalimu siku ya Jumamosi, Rodi, akiwa na mandazi mawili kwenye karatasi, amefumba macho anatafuna. Nilimfumania hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilisimama mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usiniangalie hivyo. Leo ni Jumamosi."

"Na kesho?"

"Kesho si Jumamosi."

Alifundisha wasichana kwa miaka mingi faida za osuga, ile mboga chungu ya kwetu, na yeye mwenyewe hakuila. Nilipomwambia nimeligundua hilo, alinijibu kwamba alikuwa ameajiriwa kufundisha, si kupenda. Na alikuwa mwongo. Sijui neno jingine la staha. Kwenye matanga, ambako kukataa chakula cha wafiwa ni kuwatukana, alisema kwa uso mkavu, "Daktari amenipa masharti." Hakuwa na daktari. Soda aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafungua, akaishika saa nzima kama mtu anayekunywa, kisha ikaishia kwa mwingine bila mtu kujua ilihama lini. Nilimuuliza kama haoni aibu kudanganya watu wa Mungu. Akasema, "Mwenye nyumba anataka kuona nimepokea. Nimepokea. Alisema lazima niimeze?"

Yeye mwenyewe wakati mmoja alikuwa mnene kuliko mama. Nililijua hilo kutoka kwenye picha ya shule iliyotundikwa katika duka la mpiga picha pale Rodi, ambako sikumtambua mpaka nilipoonyeshwa. Nilimuuliza ilimchukua muda gani kupungua. "Miaka mitatu," akasema, "na bado."

Kilichokaribia kuharibu kila kitu ni wema wa watu.

Mwezi wa nane au wa tisa wa kusindikizana, mama alikuwa amepungua kweli, si maji tena. Alipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Lakini magauni yake yalikuwa yale yale, na sasa yalimning'inia mabegani. Jumapili moja akina mama wa kanisa walimtazama, wakatazamana. Jumanne walikuja nyumbani, wanane, na kuku wawili, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, soda kreti nzima. Waliimba. Waliomba kwa sauti ya chini, ile ya kuombea watu ambao tayari wamekatiwa tamaa. Mmoja alinivuta pembeni jikoni, akaniuliza, kwa upendo kabisa, kama baada ya mazishi ya baba, mama alifanyiwa yote yanayotakiwa kufanywa.

"Anatembea," nikamwambia. "Anakula mboga. Ni hivyo tu."

"Ee, mwanangu," akasema, akanishika mkono. "Hata shangazi yako alikuwa anasema anakula."

Walikuja wiki ile yote, kwa zamu. Kila aliyekuja alileta chakula, na mama hakuweza kukataa hata sahani moja, kwa sababu kukataa kungethibitisha. Alikula ili aonekane anakula. Jumamosi kipimo chake kidogo cha kidoleni kilionyesha sukari ambayo hatukuwa tumeiona tangu mwaka ule uanze. Na asubuhi ya Jumatatu, Mwalimu alipoita langoni, mama alinituma.

"Mwambie nimelala."

Nikaenda nikasema amelala. Mwalimu akasema sawa, akaenda zake. Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano, hivyo hivyo. Alhamisi nilipotoka hakungoja niseme.

"Amelala tena?"

"Mwalimu, ameamua anenepe. Anasema afadhali sindano."

"Umeshafikiri lile swali langu?"

"Maneno ya watu," nikasema. Safari hii sikunakili kwa jirani.

Aliingia ndani bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliweka mkebe mezani, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha mama. "Nyar Lambwe, mimi sikuja kutembea. Nimekuja kuona magauni yako. Yote."

"Ya nini?"

"Wewe umekonda lakini nguo hazijaambiwa. Mtu anayeugua ndiye anayevaa nguo kubwa, kwa sababu hana nguvu za kushona. Mzima anakonda na nguo yake. Leta."

Walikaa barazani siku mbili. Mwalimu alikuwa na sindano, pini mdomoni, na hasira ambayo hakuipa jina. Aliyapunguza magauni pande zote mbili, lakini hakukata kitambaa. Alikikunja ndani, akashona juu yake. Nilimuuliza kwa nini asikate. "Mwili una akili zake," akasema kupitia pini. "Tusiuchokoze." Mama alisimama mbele yake mikono juu, akigeuzwa huku na huku kama msichana wa kidato cha kwanza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimsikia akilalamika kwa furaha. "Unanibana, Mwalimu. Nitapumuaje kwenye mahubiri?" "Mahubiri hayahitaji upumue. Yanahitaji ukae wima."

Jumapili mama aliingia kanisani na gauni la kijani lililomkaa kama lilikatwa asubuhi ile. Aliketi mstari wa tatu. Baada ya ibada mwenyekiti wa akina mama, yuleyule aliyeongoza maombi ya Jumanne, alimzunguka mara moja, akamtazama mbele na nyuma.

"Nyar Lambwe," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, "huyo bwana ni nani?"

"Bwana gani?"

"Huyo unayejikazia kiuno hivi!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena kanisani kwetu. Uvumi uligeuka siku hiyohiyo. Hadi kufikia katikati ya wiki mama alikuwa na mchumba Migori, mwenye lori. Hakuna aliyeleta kuku tena. Mama alikasirika, au alijifanya kukasirika, kisha akamwambia Mwalimu darajani, nikisikia, maana siku hiyo nami niliwasindikiza, "Afadhali hilo la lori." Wakacheka wote wawili mpaka wakashika ukuta wa daraja.

Mwaka uliofuata muuguzi wa kliniki alifungua kitabu cha mama, akakitazama muda mrefu kuliko kawaida. Vidonge vilibaki. Sindano haikuja. Haijaja mpaka leo. Uzito ulirudi kidogo msimu wa mazishi mengi, ukashuka tena. Kitambaa kilichokunjwa ndani ya gauni la kijani kimefumuliwa mara moja na kushonwa mara mbili. Siku hizi mama mwenyewe hupita kwa jirani yetu mwenye presha, ana kitabu cha nyimbo mkononi, anasema anakirudisha kanisani na hebu asindikizwe kidogo. Kitabu hicho kimerudishwa kanisani zaidi ya mara mia.

Mimi nilipata kazi Migori, kwenye maabara ya kupima maji. Kwa miaka hiyo sikuwahi kufika kwa Mwalimu. Siku zote ndiye aliyekuja kwetu, na kwake ni ng'ambo ya pili ya Rodi. Mwaka huu nilisikia aliteleza, nyonga ikaumia, akaacha kutoka. Nikachukua likizo ya siku mbili, nikaenda na matunda.

Nilimkuta anazunguka nyumba yake. Alikuwa na fimbo, na kila alipofika kwenye tangi la maji aliligonga mara moja. Alikuwa amenenepa kidogo na amezeeka sana. "Mara ya saba," akasema badala ya salamu. "Ngoja nimalize kumi, msomi." Nikatembea naye tatu zilizobaki, kwa mwendo wake wa ng'ombe wa mnadani. Aliniuliza habari za mama, nikamweleza kuhusu kitabu cha nyimbo. Safari hii aligonga tangi mara mbili.

Wakati wa kuondoka akasema atanisindikiza. Nikamkataza kwa ajili ya mguu. "Mpaka langoni tu. Usinifundishe adabu." Njia ya langoni ilipita kando ya zizi, na ndani ya zizi walikuwa ng'ombe watatu wa maziwa. Mkubwa wao alikuwa na pembe moja.

Nilisimama. "Mwalimu, hawa umewanunua lini?"

"Hawa? Huyo mkubwa alizaliwa hapa. Wengine ni watoto wake."

"Na maziwa uliyokuwa unakwenda kuchukua kule mbele ya kanisa?"

"Kule mbele hakuna anayefuga," akasema. Aliegemea fimbo, akanitazama kwa ile sura ya kusahihisha daftari. "Wewe ulihoji mboga, ukahoji omena, ukahoji mpaka soda zangu. Nilikuwa nasubiri uhoji mkebe."

Ulikuwa mtupu, miaka yote. Alitoka nao mtupu, akavuka Rodi nzima kuja kwetu, akaingia ile kona baada ya kanisa, na kurudi kwake kwa njia ya juu, nao bado mtupu.

Jioni nilimkuta mama barazani anachambua maharagwe. Nilimweleza polepole, nikiogopa ataumia kujua kwamba alidanganywa muda wote huo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Yule mwenye pembe moja bado yupo?" akauliza.

Nikamwambia yupo.

"Amezeeka sasa," akasema mama. "Nilimwona kule kwake akiwa ndama, kabla hata hatujaanza kwenda darajani."